Maswali ya Wasomaji: Elimu ya Wanawake, Kenya na Tanzania

SWALI: Ndugu Mhariri, katika makadirio ya muda mrefu, Kenya huiacha Tanzania mbali kwa wanawake wenye elimu ya sekondari ya juu. Je, pengo hilo ni la kweli? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, ni la kweli kwa sehemu tu, sehemu nyingine hutokana na namna madarasa yanavyopangwa katika ngazi za kimataifa. Chini ya mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu), msichana wa Kenya aliyemaliza kidato cha nne huhesabiwa kuwa amehitimu sekondari ya juu, ilhali mwenzake wa Tanzania mwenye cheti cha kidato hicho hicho hubaki sekondari ya chini mpaka amalize kidato cha sita. Asiyelijua hilo, na ni wengi, hulinganisha miaka 12 ya masomo ya Kenya na 13 ya Tanzania.

Kisha, makadirio kama yale ya Kituo cha Wittgenstein cha Vienna, kinachotafiti idadi ya watu na elimu yao, yanayofika mwaka 2100, hufuata rika: mwanamke aliyekuwa na miaka 30 mwaka 2020 atakuwa na 60 mwaka 2050, na kwa kawaida kiwango chake cha elimu kitakuwa kile kile. Kwa hiyo hatua ya Tanzania ya kufuta ada hadi kidato cha nne kuanzia 2016, pamoja na ile ya Novemba 2021 ya kuwaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni, zitaonekana mapema kwa wanawake vijana, na kwa kuchelewa sana katika wastani wa watu wazima wote. Katika kulinganisha nchi hizi mbili, mimi ningeanza na rika la miaka 20 hadi 29.