Glita "isiyo na sumu" inafaa kwenye keki?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mwanangu anatimiza miaka mitano na bajeti yangu ni ndogo, kwa hiyo mapambo, keki na vinywaji natengeneza mwenyewe. Ninalo kopo la glita ya dhahabu, ile ya kazi za mikono, limeandikwa "haina sumu". Kwenye video nimeona mtu akiibandika ubavuni mwa keki, na mwingine akiitia kwenye kokteli za wakubwa. Muuza vifaa vya keki naye ana poda ya dhahabu anayoipima kwenye vipakiti kwa bei rahisi, anasema ukiweka kidogo haidhuru. Nitumie ipi, na kiasi gani, ili rangi isikae madoamadoa?

JIBU: Ndugu msomaji, kiasi sina cha kukupa, kwa sababu katika hizo mbili hakuna hata moja ya kuliwa.

Swali hili naletewa kila msimu wa sherehe, na karibu kila mara hoja ni ileile: "Lakini wameandika haina sumu." Maneno hayo kwenye kopo la glita yanamhusu mtu anayeishika akichora au kukata karatasi, na mtoto atakayeilamba kidole kwa bahati mbaya. Hayasemi kwamba imetengenezwa ili iliwe kwa kijiko. Glita hiyo ni utando wa plastiki uliopakwa alumini nyembamba, ukatiwa rangi, kisha ukakatwakatwa vipande visivyofika milimita moja. Tumbo haliwezi kuisaga.

Poda ya vipakiti inanitia hofu zaidi. Rangi ya dhahabu au shaba ya bei rahisi mara nyingi ni unga wa shaba na zinki, uliokusudiwa fremu za picha na maua ya mapambo. Mwaka 2018, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, watoto sita walitapika na kuharisha baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa iliyopakwa poda ya aina hiyo. Lebo yake? "Haina sumu." Aisingi, ile krimu inayopakwa juu ya keki, ilipopimwa ilikutwa na miligramu 22 za shaba katika kila gramu. Kiwango cha juu cha shaba kwa siku nzima kwa mtoto wa umri wa mwanao ni miligramu 3. Gramu moja tu ya aisingi ile ilikuwa na zaidi ya mara saba ya hapo, na hakuna mtoto anayeishia kwenye gramu moja ya aisingi. Katika uchunguzi mwingine, jimboni Missouri, poda ya kupaka maua ya keki ilikutwa na madini ya risasi. Kwa hiyo huyo anayekwambia "kidogo haidhuru" muulize kidogo hicho ni kidogo cha nini. Kipakiti chake hakina lebo, na yeye mwenyewe hajui alichofungasha.

Poda ya kuliwa inatambulika kwa vitu viwili: imeandikwa waziwazi kwamba inalika, na ina orodha ya viambato. Kwenye orodha utakuta sukari, wanga wa mahindi, gamu arabiki, yaani utomvu wa mgunga (E414), maika, yaani madini yanayong'aa (E555), oksidi za chuma (E172) na rangi za chakula; namba hizo za E ni za kutambulisha viongezi vya chakula. Kama orodha haipo, iache dukani. Maneno "kwa mapambo tu" yana maana kwamba kitu kinaondolewa kabla ya kula, na poda iliyokwisha kushika kwenye aisingi huwezi kuiondoa. Karatasi za dhahabu nazo ziko za aina mbili: dhahabu halisi (E175), na ya kuigiza ambayo ni shaba na zinki na kazi yake ni samani. Kwa macho zinafanana sana.

Kuna ujanja unaozunguka wa kutia poda kwenye maji ya moto: ikiyeyuka ni salama, isipoyeyuka ni mbaya. Ujanja huo ni nusu tu ya ukweli. Chembe za sukari au gamu zitayeyuka na plastiki itabaki, hilo sawa. Lakini maika ya kuliwa haiyeyuki, na unga wa shaba pia hauyeyuki. Vyote viwili vitatua chini ya glasi viking'aa vilevile. Kwa poda, jaribio hilo halikuambii kitu.

Sasa tuje kwenye bajeti. Glita ya kuliwa unaweza kuitengeneza nyumbani kwa jelatini. Nyunyiza kijiko kikubwa kimoja cha jelatini ya unga juu ya vijiko vikubwa vitatu vya maji baridi, uiache dakika tano inywe maji. Iyeyushe juu ya mvuke bila kuchemsha, kisha engua povu lote. Povu likibaki, utando unakuwa na ukungu na hauakisi mwanga. Tia matone mawili ya rangi ya chakula, na ukiwa na poda ya kung'arisha inayolika, ncha ya kijiko. Paka kwa brashi utando mwembamba sana juu ya plastiki safi ya chakula iliyo ngumu kidogo. Ukipaka nene utapata ngozi ya kutafuna. Acha usiku kucha mahali pakavu. Ikiiva hujikunja pembeni na kubanduka yenyewe, ikilia kama karatasi. Saga kwenye blenda kavu kabisa, chekecha, hifadhi kwenye chupa inayobana. Hewa yenye unyevu ndiyo adui: ikinata kwenye vidole, bado haijakauka. Kama wageni hawali jelatini ya mnyama, tumia sukari ya chenga: gramu 100 na matone matatu ya rangi, tikisa ndani ya mfuko, tandaza ikauke.

Madoa uliyouliza hutokea ukinyunyizia aisingi yenye unyevu. Rangi inayeyuka na kutiririka. Aisingi ya siagi ipoze kwenye friji mpaka uso ukaze, ufute jasho lake taratibu kwa karatasi ya jikoni, kisha nyunyiza karibu na wakati wa kuikata.

Kwenye kokteli, jelatini itavimba na kuwa utelezi, kwa hiyo paka sukari ya rangi kwenye mdomo wa glasi uliolowanishwa kwa limau. Ukitaka kinywaji chenyewe kimetemete, nunua poda ya vinywaji yenye lebo kamili na utie ncha ya kijiko kwa lita. Kiwe cheupe kama maji na chenye gesi, mapovu ndiyo yanayoizungusha. Kwenye juisi nzito haionekani, unapoteza hela bure. Poda ya shaba usiiguse kabisa hapa, maana tindikali ya limau huiyeyusha shaba.

Na tatizo si glita peke yake. Watu huchomeka waya wa maua bandia moja kwa moja kwenye keki, au kibao cha jina kilichopulizwa rangi ya kopo, wakijitetea kwamba "imekauka". Rangi kukauka hakuifanyi iwe chakula, na mafuta ya aisingi yanaweza kuvuta vilivyomo. Mguu wa pambo uingie kwenye mrija safi ulioziba chini, ndipo uchomekwe. Maua mabichi nayo yana yake: mioleanda na haidranjia ni sumu, hata kama video imeyapanga vizuri namna gani.

Glita ya kopo lako ibandike kwa gundi kwenye mabango ya ukutani, siku moja kabla, chumba tofauti na keki. Na kama poda ya kipakiti imeshaliwa na mtoto anatapika, usimlazimishe kutapika zaidi. Mpeleke hospitali pamoja na kipakiti chenyewe na kipande cha keki kilichobaki, ili daktari apate cha kupima.