Gemu ni ya bure, hela zinaishia wapi? Piga hesabu hivi

Mkuu, umeuliza kama gemu za mtandaoni zimepanda bei kweli au ni wewe unayetumia ovyo, maana gemu yenyewe uliipakua bure na bado kila mwisho wa mwezi kadi inalia. Yote mawili yapo, ila kelele nyingi zinapigwa pasipostahili.

Watu wanalalamikia bei ya kununulia gemu. Gemu kubwa za konsoli ziliingia dola 60 enzi za Xbox 360 na PlayStation 3, zikafika 70 mwaka 2020, na 2025 Mario Kart World ikatoka kwa 80. Inauma, sawa. Lakini dola imepoteza thamani sana, na dola 60 za 2006 zilikuwa na nguvu kuliko 70 za 2020. Isitoshe, bei hiyo unaiona kabla hujalipa, unaitaka au unaiacha. Inayokumaliza ni ile inayokatwa vipande vipande.

Usajili ni kipande cha kwanza. PlayStation Plus Essential, usajili wa kucheza mtandaoni kwenye PlayStation, ya mwaka mzima ilitoka dola 59.99 hadi 79.99 Septemba 2023. Game Pass Ultimate, usajili wa Xbox wenye maktaba ya gemu, ilikuwa 14.99 kwa mwezi mwaka 2019, na Oktoba 2025 ikafika 29.99, yaani mara mbili. Hapa dawa ni nyepesi: ukishalipa tu, siku hiyohiyo zima kujirudia kwa malipo. Kwa kawaida huduma inaendelea mpaka muda uliolipia uishe. Halafu angalia unacheza nini. Gemu za bure kama Fortnite hazidai PlayStation Plus ili ucheze na wenzako, na upande wa Xbox sharti hilo liliondolewa Aprili 2021. Wapo wanaolipia usajili wa konsoli mwaka mzima kwa ajili ya gemu moja ambayo haikuuhitaji.

Sasa tuje kwenye sarafu za ndani ya gemu, ndiko kwenye kisima chenyewe. Chukua Fortnite kwa bei za Marekani za Oktoba 2023, zilipopanda: V-Bucks (sarafu yake) 1,000 zilitoka dola 7.99 hadi 8.99, na pakiti iliyofuata ilikuwa 2,800 kwa 22.99. Unataka skini (vazi la mhusika wako) ya V-Bucks 1,200 na huna salio. Kichwani unasema ni kama dola 10.79. Pakiti ya 1,200 haikuwepo, kwa hiyo ulinunua mbili za 1,000 ukatoa dola 17.98, ukabaki na chenji ya 800. Ile 800 haitoshi skini nyingine ya 1,200, ila inatosha kukufanya uone umebakiza kidogo tu kuifikia. Mpangilio huo haukuja kwa bahati mbaya. Kanuni ya kujilinda: bei ya kitu ni hela yote iliyotoka siku ile. Skini hiyo iandike dola 17.98. Chenji utaihesabu siku utakapoitumia kwa kitu ulichokuwa unakitaka tangu mwanzo.

Pasi ya msimu, unayolipia ili ufungue zawadi kadiri unavyopanda ngazi kwa kucheza, nayo ina mtego wa kwake. Inaonekana rahisi, ila unanunua kazi ya kufanya. Usilipe siku ya kwanza. Katika gemu nyingi, Fortnite ikiwemo, zawadi za ngazi ulizokwisha kupanda unazipata zote siku ukinunua pasi, hata kama msimu unakaribia kuisha. Cheza wiki mbili bure, kisha angalia. Tuseme msimu una siku 70 na zawadi unayoitaka iko ngazi ya 100. Kama siku 14 zimekufikisha ngazi ya 14, kwa mwendo huo utaishia 70. Wanaolipa mapema ndio huanza kununua ngazi dakika za mwisho, na kwenye Fortnite ngazi moja imeuzwa V-Bucks 150. Ngazi 30 ni 4,500, kwa pasi ambayo kwa miaka mingi iliuzwa 950. (Wazo la kuuziwa njia ya kuruka gemu uliyolipia kuicheza, sijui nani alilikubali kwanza.)

Gacha, yaani bahati nasibu ambapo unalipia kila mvuto ili upate mhusika, ndiyo hatari kuliko zote, na hapo hesabu inasaidia kuliko hasira. Genshin Impact inaandika nafasi zake wazi: mhusika wa nyota tano ana 0.6% kwa kila mvuto. Ukivuta mara 10 nafasi yako ni kama 6 kwa 100. Ukifika mvuto wa 90 lazima upate wa nyota tano, lakini huenda asiwe yule unayemtaka. Akiwa mwingine, wa nyota tano anayefuata ndiye wako kwa hakika. Kwa hiyo hali mbaya kabisa ni mivuto 180. Kila mvuto ni Primogem (sarafu ya gemu hiyo) 160, jumla 28,800. Pakiti kubwa ya dola 99.99 inatoa 8,080 pamoja na nyongeza. Tatu ni 24,240, hazitoshi, unalazimika kununua ya nne. Karibu dola 400 kwa mhusika mmoja.

Linganisha na baraka ya mwezi ya gemu hiyohiyo, kifurushi cha dola 4.99: unapewa 300 papo hapo na 90 kila siku kwa siku 30, jumla 3,000. Kwa kila dola unapata takribani 600, wakati pakiti kubwa inakupa kama 80. Sharti lake ni kuingia kila siku, siku ukiiruka 90 zake zimekwenda. Kama lazima ulipe, lipa hiyo, weka akiba, na usivute mpaka uwe na zile 28,800 mkononi. Anayeanza kuvuta akiwa na nusu ndiye anayenunua pakiti usiku wa manane, kwa sababu ameshapoteza nusu na anaona aibu kuiacha.

Kabla hujabadilisha chochote, fungua historia ya manunuzi ya duka la simu au la konsoli, miezi 12 nyuma. Andika tarehe, kiasi, ulichopata, na kama bado unakitumia. Gawanya jumla kwa 12. Kisha ondoa kadi kwenye akaunti, weka nywila kwa kila ununuzi, na ujaze salio la mwezi kwa kadi ya zawadi ya kiasi maalum. Likiisha limeisha. Gemu za simu nyingi zina tovuti yake ya kununulia sarafu, na mara nyingi huko unapewa zaidi kwa hela ileile, kwani kamisheni ya kawaida ya maduka ya simu imekuwa 30%. Hakikisha umeifikia tovuti kupitia gemu yenyewe. Wanaouza sarafu kwa nusu bei mara nyingi hutumia kadi za wizi, na malipo hayo yakifutwa akaunti inayofungwa ni yako.

Ujanja wa kuhamisha akaunti nchi yenye bei nafuu nao unazidi kubanwa. Steam, duka la gemu za kompyuta, ilizihamishia Uturuki na Argentina kwenye bei za dola Novemba 2023, na kudanganya eneo ni kuvunja masharti.

Ukinunua kwa makosa, wahi. Steam hurudisha hela ya gemu ndani ya siku 14 kama hujaicheza zaidi ya saa 2. Omba kwenye duka ulilonunulia kwanza. Ukikimbilia benki kudai malipo yafutwe, kampuni nyingi hufunga au kuzuia akaunti, na kila ulichowahi kununua humo kinabaki ndani. Na hata akaunti ikiwa salama, seva si zako: The Crew ya Ubisoft iliuzwa tangu 2014, seva zikazimwa 31 Machi 2024, na waliokuwa na diski kabatini hawakuweza tena kuicheza hata peke yao. Kwa gemu ya namna hiyo, usilipe kitu ambacho hutakuwa umekifaidi ndani ya miezi michache.