Mmea hupumua nini mchana?

Swali: Assalaamu alaikum. Nasomesha Bayolojia katika skuli moja ya sekondari hapa Wete. Kitabu ni cha Kiingereza, lakini watoto wakikwama nawaeleza kwa Kiswahili. Siku zote nawaambia: "Mchana mimea hupumua hewa ya ukaa na kutoa oksijeni, usiku hugeuza." Mwenzangu ananipinga, anasema mmea haupumui hewa ya ukaa hata siku moja. Yeye naye huandika ubaoni "usanisi wa nuru", mimi naandika "usanisinuru". Nani yuko sawa?

Jibu: Waalaikumu salaam, mwalimu. Katika la kwanza haki iko kwa mwenzako. La pili nakuunga mkono wewe, ingawa yeye hakukosea sarufi.

Tuanze na kupumua. Katika mazungumzo, "kupumua" na "kuvuta pumzi" tunayatumia kama mamoja, na maadamu anayesemwa ni mtu, hakuna kinachoharibika. Lakini sikiliza tunavyosema wenyewe: samaki hupumua kwa matamvua. Hasemi mtu kwamba samaki huvuta pumzi. Pumzi inataka kifua na pua, inataka hewa iingie na kutoka. Kupumua kumeenea zaidi ya hapo, na mimi naona lugha imeshatutengea nafasi ambayo mwalimu wa Bayolojia anaihitaji sana. Kuvuta na kutoa pumzi tuyaachie mapafu. Kupumua, au upumuaji wa seli ukitaka kuwa wazi zaidi, iwe ile kazi ya kila seli hai ya kuivunja sukari ili ipate nishati, kwa kawaida kwa kutumia oksijeni, na kinachobaki ni maji na hewa ya ukaa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika ndani ya mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati, iwe seli ni ya mtu, ya papa au ya mkarafuu. Haina mchana wala usiku. Wapo wanaosema "respiresheni", na wanaeleweka, ila sioni sababu ya kuliacha neno ambalo mtoto ameingia nalo darasani.

Na nyinyi watu wa Pemba ushahidi mnao majumbani. Karafuu ni ua ambalo halijachanua, na likishachumwa halifi papo hapo, seli zake zinaendelea kupumua. Zirundike karafuu mbichi ndani ya gunia, zilale humo, kisha asubuhi utie mkono katikati: utakuta joto. Sukari inapovunjwa, si nishati yote inayoshikwa na seli, nyingine inatoka kuwa joto. Vijidudu navyo huongeza lao, oksijeni ndani ya rundo hupungua, na karafuu zikaanza kuchacha. Ndiyo maana mtu hachelewi kuzichambua, akatenga makonyo, yaani vikonyo vyake, akazianika juani zikiwa zimetandazwa jamvini. Waulize wanafunzi wako joto lile limetoka wapi. Pafu hakuna mle, pumzi hakuna, lakini kupumua kumo.

Sasa hewa ya ukaa. Penye nuru, seli za kijani za mmea hufanya kazi nyingine kabisa, ndiyo usanisinuru, ndani ya vijisehemu vyake vya kijani viitwavyo kloroplasti. Umbijani, au klorofili, yaani ile rangi ya kijani ya majani, hunasa nuru ya jua, na kwa nguvu ya nuru hiyo mmea huunganisha maji na hewa ya ukaa ukapata sukari. Hapa hewa ya ukaa ni malighafi. Molekuli 6 za hewa ya ukaa na 6 za maji hutoa, tukijumlisha, molekuli 1 ya glukosi na 6 za oksijeni. Kwa hiyo sema mmea "huchukua" hewa ya ukaa. Hata "huvuta" ningeliepuka, kwani hewa hiyo huingia yenyewe kupitia vitundu vya jani, yaani stomata, bila ya kuvutwa na chochote. Jiepushe pia na ile sentensi ipendwayo sana, kwamba mimea hugeuza hewa ya ukaa kuwa oksijeni. Mwaka 1941, huko California, wanasayansi Samuel Ruben na Martin Kamen pamoja na wenzao walitumia oksijeni nzito, yaani yenye atomi nzito kuliko za kawaida, kama alama, wakaonesha kuwa oksijeni inayotoka kwenye mmea hutokana na maji.

Lile neno lako "usiku hugeuza" ndilo linalowapoteza watoto, maana mmea hauachi kupumua jua linapochomoza. Jan Ingenhousz, daktari wa Kiholanzi aliyechapisha majaribio yake mwaka 1779, aliona kuwa ni sehemu za kijani tu, tena zikiwa juani, zinazoisafisha hewa, na kwamba gizani mmea huichafua kama tuichafuavyo sisi. Mchana kazi zote mbili zinakwenda pamoja, ila usanisinuru una kasi zaidi, basi oksijeni inayotoka ni nyingi kuliko inayotumika. Mizizi kwa kawaida haina umbijani wa kuisaidia, nayo hupumua saa 24. Nenda kwenye mikoko ya Chwaka maji yakishatoka, utazame chini ya mchu, aina mojawapo ya mkoko: vijiti vimechomoza topeni kila upande wa shina, vina vitundu vidogo kwenye ganda. Ni mizizi iliyopanda juu kutafuta oksijeni, kwa sababu ndani ya tope lile karibu haipo. Kuiita mizizi ya kupumulia ni Kiswahili sahihi na ni sayansi sahihi.

Ama "usanisi wa nuru", kisarufi kinasimama. Tunasema "uvuvi wa taa" na hakuna anayedhani kuwa taa ndizo zinazovuliwa. Tatizo ni kuwa katika Bayolojia usanisi umeshazoea kufuatwa na kile kinachotengenezwa: usanisi wa protini ni kutengeneza protini. Mtoto akisoma "usanisi wa nuru" atafuata kanuni hiyohiyo, aone kwamba jani linatengeneza nuru. Uvuvi wa taa anaujua kwa kuuona ufukweni, usanisi hajauona popote. Basi andika neno moja, bila kistari: usanisinuru unahitaji maji, usanisinuru umepungua. Ukitaka kitenzi, "mmea husanisi sukari kwa nuru", na hilo "kwa" usiliache.