Maswali ya Wasomaji: Uzito wa Trela ya Gusneki Ukae Wapi?

SWALI: Hamjambo wahariri. Nauza nyasi za boma rhodes kutoka Njoro, nazipeleka Kisumu kwa pikapu ya dabo kebini na trela ya gusneki, ile ambayo shingo yake inapanda juu na kufungwa ndani ya bodi ya pikapu. Huwa nabeba marobota 150. Nikiyajaza mbele, pikapu inalala nyuma na tairi zinabonyea. Nikiyasogeza nyuma, pikapu inanyooka, lakini nikianza kuteremka kutoka Kericho kwenda Awasi trela inanivuta huku na huku. Fundi ananiambia niongeze springi. Nifanye nini?
*Msomaji, Njoro*

JIBU: Springi ziache kwanza. Ukiongeza springi pikapu itanyanyuka, lakini uzito uliokuwa juu ya ekseli utabaki pale pale, na ekseli, beringi na tairi ni zile zile. Umeficha dalili tu.

Kanuni ya gusneki ni hii: chukua uzito wa trela yenyewe pamoja na mzigo, kisha hakikisha kama asilimia 20 yake imekalia boli, ile tufe ya chuma inayoshika shingo ya trela ndani ya bodi ya pikapu. Isipungue 15, isizidi 25. Trela ya kawaida inayofungwa nyuma ya bampa hutaka 10 hadi 15. Sasa angalia: gusneki ni trela ya Marekani, huko huvutwa na pikapu kubwa kama Ford F-350 au Ram 3500, na asilimia 25 haiwatishi. Pikapu zetu za tani moja si za namna hiyo. Injini itavuta bila taabu, ila ekseli ya nyuma itakuwa imefika mwisho zamani. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza gari linavuta kilo ngapi. Anza na kilo ambazo mgongo wake unabeba.

Tupige hesabu kwa mfano unaofanana na wako. Robota la kilo 14 mara 150 ni kilo 2,100. Trela tupu ina kilo 1,200. Jumla 3,300. Pikapu ikiwa na dereva, tangi limejaa na bamba la boli limefungwa, tuseme ina kilo 2,150, na kibati chake cha uzito kinaruhusu jumla ya 2,900. Zimebaki kilo 750 basi. Asilimia 20 ya 3,300 ni 660, inaingia. Asilimia 25 ni 825, tayari umepita. Ekseli ya nyuma nayo ina kikomo chake. Tuseme kitabu cha gari kinasema 1,700, na bila trela imebeba 950.

Trela ya mfano wetu ina mita 6 kutoka kwenye boli hadi katikati ya ekseli zake mbili. Sakafu ina urefu wa mita 6, mita 4 mbele ya katikati hiyo na 2 nyuma. Ikiwa tupu, shingo inaweka kilo 250 juu ya boli.

Ukijaza mita 4 za mbele peke yake, safu saba kwenda juu, kitovu cha uzito wa nyasi kinakuwa mita 2 mbele ya ekseli za trela. Zidisha 2,100 kwa 2, gawanya kwa 6: kilo 700. Ongeza zile 250, boli imebeba 950. Pikapu nzima ina kilo 3,100 na ekseli ya nyuma 1,900. Kote umezidisha kilo 200, ndiyo maana tairi zinabonyea.

Ukijaza mita 4 za nyuma, kitovu kinaangukia juu ya ekseli za trela penyewe. Nyasi haziongezi chochote kwenye boli. Kilo 250 kati ya 3,300 haifiki hata asilimia 8, na hiyo ndiyo inayokuyumbisha. Trela yenye shingo nyepesi haina kinachoishikilia, upepo wa lori likikupita au shimo dogo linatosha kuanzisha mchezo.

Ukitandaza sawasawa sakafu yote, safu tano tu, kitovu kinakaa mita 1 mbele ya ekseli. Nyasi zinaleta kilo 350, jumla kwenye boli ni 600, asilimia 18. Pikapu ina 2,750, ekseli ya nyuma 1,550. Hapo ndipo unapotaka kuwa, na rundo lenyewe limeshuka, kwa hiyo haliegemei sana kwenye kona. Ukihitaji kurekebisha, kumbuka kwamba kusogeza mzigo wote sentimita 10 kunabadilisha boli kwa kilo 35.

Zile kilo 150 zilizobaki kwenye pikapu zinaisha upesi. Vijana wawili wa kushusha mzigo kwenye kiti cha nyuma, wamekwisha zimaliza. Na usiweke marobota juu ya shingo! Tunajua nafasi ile inavutia, lakini chochote kinachokaa pale karibu chote kinahesabika juu ya pikapu.

Usituamini kwa mfano tu, pima. Maghala ya nafaka na viwanda vya sukari vina mizani ya magari, omba upimiwe. Pima pikapu peke yake, kisha ekseli yake ya nyuma peke yake. Funga trela iliyojaa, pandisha pikapu tu kwenye mizani huku trela ikibaki nje, pima tena. Tofauti ya pikapu kabla na baada ndiyo uzito wa boli. Malizia na ekseli za trela, upate uzito wote. Mafuta na watu wawe wale wale mwanzo hadi mwisho.

Kwa safari hiyo, trela ya tani tatu lazima iwe na breki zake. Rekebisha kontrola, kile kifaa cha kuongoza breki za trela, trela ikiwa na mzigo, mahali tambarare, kwa kilomita 30 hadi 40 kwa saa: tairi za trela zikijifunga, punguza, trela ikikusukuma, ongeza. Ikiwa tupu, rekebisha upya. Ingia gia ndogo kabla mteremko haujaanza. Ikianza kuyumba, achia mafuta, shika usukani unyooke, vuta breki ya trela kwa mkono ukiwa na kitufe chake. Usikanyage breki ya pikapu kwa nguvu. Na funika nyasi, kwa sababu mvua ya Kericho ikiingia ndani ya marobota hesabu yote hii imeharibika.

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mteja anataka boli ifungwe karibu na mlango wa nyuma wa bodi ili trela isiguse kebini akipiga kona. Kuna ubaya?
*Fundi, Nakuru*

JIBU: Upo, usikubali. Boli ikae juu ya ekseli ya nyuma au sentimita 5 hadi 10 mbele yake. Ukiifunga sentimita 30 nyuma ya ekseli, kwenye pikapu yenye mita 3 hivi kati ya ekseli mbili, boli ya kilo 660 itanyanyua kama kilo 66 kutoka tairi za mbele na ekseli ya nyuma itabeba 726. Usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika miti. Kama bodi ni fupi, badilisha shingo ya trela, urefushe mbele kidogo, pikapu isiguswe.

Bati la bodi halibebi kitu. Bamba la boli lifungwe kwa bolti hadi kwenye chesisi, pande zote mbili, na minyororo ya usalama ishikwe na bamba hilo hilo. Acha sentimita 15 au zaidi kati ya kingo za bodi na chuma cha shingo, la sivyo tuta la kwanza litazikunja. Trela ikifungwa ikae mlalo. Pua ikiwa juu, ekseli ya nyuma ya trela inabebeshwa zaidi ya mwenzake.

SWALI: Nasafirisha ng'ombe wa maziwa kutoka Kitale, mara wawili, mara wanne. Wakiwa wawili trela inasumbua kuliko wakiwa wanne. Kwa nini?
*Mama mfugaji, Kitale*

JIBU: Mama, wakiwa wanne hawana pa kwenda. Wakiwa wawili wanatembea, na mara nyingi wanarudi kusimama karibu na mlango. Ng'ombe wa kilo 500 akirudi nyuma mita moja na nusu, trela ya mita 6 inapoteza kilo 125 kwenye boli, na wawili ni 250. Weka geti la katikati, uwafungie mbele ya ekseli, wasimame bega kwa bega, mzito asiwe upande mmoja daima. Wanne wakiwepo, wazito wawili watangulie. Simama baada ya kilomita chache uangalie walivyojipanga, kwa sababu wakitoka nyumbani huwa bado wanahangaika.

SWALI: Tairi zangu za nyuma zimeandikwa 104. Zinatosha?
*Msomaji, Ahero*

JIBU: 104 ni kilo 900 kwa tairi, kwa hiyo mbili zinabeba 1,800, mradi upepo ujazwe kama mtengenezaji anavyosema kwa mzigo kamili, na upimwe tairi zikiwa baridi. Kama ekseli yako inaruhusiwa 1,700, zinatosha. Angalia pia zile tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya zamani yenye nyufa usiivutie trela, hata kama meno yake bado marefu.