"Mutoto" au "mtoto": je, mizani inavunjika?

SWALI: Jambo mwalimu. Ninaishi Katuba, hapa Lubumbashi, na ninatunga mashairi kwa Kiswahili chetu cha nyumbani. Mhariri mmoja alinirudishia beti zangu zikiwa na kalamu nyekundu kila mahali: "mutoto" amegeuza "mtoto", "kulomba" amegeuza "kuomba". Anasema mizani imevunjika. Ni kweli? Na nikitaka kutoa kitabu, nianzie wapi?

JIBU: Ndugu yangu, katika maneno hayo mizani yako haikuvunjika. Nimeihesabu kwa vidole. Mizani ni silabi tunazozisikia, na ile "m" ya "mtoto" ni silabi kamili: m-to-to, tatu. Mu-to-to, tatu vilevile. Ndivyo ilivyo kwa "nchi" na "inchi" yetu, "mbwa" na "imbwa", "nne" na "ine": mbili kwa mbili. "Kuomba" na "kulomba", tatu kwa tatu. Mhariri wako alihesabu kwa macho.

Kilichovunjika ni kina, yaani ile silabi inayofanana mwishoni mwa vipande vya mishororo, na kalamu nyekundu ndiyo iliyokivunja. Tazama mishororo yako hii:

Mutoto huyu alomba, mama amupe chakula,
Mulango wetu wa nyumba, baba anaufungula.

Kila mshororo una mizani 16, nane ukwapi (kipande cha kwanza) na nane utao (kipande cha pili). Kina cha kati ni "mba", cha mwisho ni "la". Yeye akaandika "anaufungua". Mizani bado 16, lakini sasa mwisho ni "a", na "chakula" kimeachwa bila mwenzake. Kama alitaka Kiswahili sanifu, ni haki yake, ila ilibidi akuombe utunge mshororo upya.

Sasa kosa lako. Ubeti wa tatu umeandika "kuimba" ili upate mizani tatu, na ubeti wa tano "kwimba", mbili. Katuba nani anasema ku-i-mba? Ukighani mbele ya watu, ulimi utasema "kwimba" wenyewe na mshororo utapungua mizani moja. Angalia pia "kuiba" na "kwiba", ni mtego uleule. Mpe rafiki akughanie kwa sauti huku wewe unapiga meza kwa kila silabi. Pale mkono unapobaki hewani ndipo penye shida.

Ningekuomba sana usikiache Kiswahili hicho. Niliposoma "mama amupe chakula" nilisikia mbabula, jiko letu la makaa, ikipulizwa uani na bukari, yaani ugali, ikisongwa. Sanifu ni nzuri, mimi huitumia kila siku kama hivi, lakini mshororo huo hauihitaji.

Kuhusu kitabu, usiogope kuwaonyesha watu kazi yako. Sheria yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 inampa mtunzi haki juu ya kazi yake kwa sababu tu ameitunga. Hata hivyo weka daftari la kwanza lenye tarehe.

Anza na kijitabu. Karatasi ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne, kwa hiyo jumla ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Mashairi 20, kila moja ukurasa wake, ongeza ukurasa wa jina, wa haki, wa yaliyomo na wa sherehe ya maneno (orodha ya maneno na maana zake): kurasa 24, karatasi sita, mbali na jalada. Tumia herufi za ukubwa wa 11, mshororo wa mizani 16 usije ukakatika na kushuka chini.

Kuna pia Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo hushindanisha miswada ya Kiswahili, ushairi ukiwemo. Huko ningepeleka mashairi uliyoyatunga kwa sanifu tangu mwanzo, si haya yaliyobadilishwa maneno.

Ile sherehe usiiache. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam akikutana na "kulomba" na "inchi", apate maana yake palepale. Ukishairekebisha "kwimba", nitumie ubeti wa tatu na wa tano.