Kombe la Dunia la U19: binti wa Ujiji hajachelewa

Dada, umeuliza kama binti yako wa hapo Ujiji, aliyezaliwa 2010, ameshachelewa Kombe la Dunia la kikapu la wasichana U19, yaani wasiozidi miaka 19. Hajachelewa hata kidogo! La 2027 ni la waliozaliwa 2008 na kuendelea, na hata la 2029 bado anaingia. Njia inapitia mashindano ya Afrika ya U18, na hapo ndipo pagumu, maana Mali wanatamba kweli. Mwaka 2021 kule Hungaria wasichana wao walifika nusu fainali ya Kombe hilo la Dunia! Apambane aingie timu ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Ila huo mpira anaochezea, namba 7 ya wanaume, uliochakaa hadi vipele vimeisha, mbadilishie. Wanawake wanachezea namba 6. Mkono wake unazoea uzito usio wake.