Mkojo unachoma tangu nimalize mionzi, duka la dawa wanasema ni UTI sugu

"Shikamoo dada. Nina miaka 46, naishi Uyole, Mbeya. Miaka miwili iliyopita nilimaliza mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, nilikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Kliniki wanasema naendelea vizuri, namshukuru Mungu. Shida ni mkojo. Unachoma, kila saa niko chooni, usiku silali. Duka la dawa wananipa sipro, vidonge vya kuua bakteria, napata nafuu kidogo, inarudi. Sasa wanasema ni UTI sugu, nichomwe sindano. Mume wangu ameanza kuniuliza nimeitoa wapi. Nimechoka. Mama wa Uyole."

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nianze na hilo la mume, maana naona ndilo linalokuuma kuliko hata mkojo wenyewe. UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, haihesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa. Mara nyingi inaletwa na bakteria wanaoishi kwenye utumbo wa mtu mwenyewe, wanatoka njia ya haja kubwa na kuingia njia ya mkojo, na kwetu wanawake hapo ni jirani kabisa. Msomee mumeo maneno haya. Ikiwezekana nenda naye kliniki, amsikie daktari kwa masikio yake.

Sasa kibofu chako. Mionzi ililenga mlango wa kizazi, lakini kibofu kiko mbele yake tu, hakikuweza kukwepa chote. Mishipa midogo ya damu ya kibofu huharibika polepole, ukuta wake unakakamaa, kinashindwa kubeba mkojo mwingi kama zamani. Hali hii inaweza kujitokeza miezi au hata miaka baada ya matibabu. Na dalili zake ni zilezile: kuchoma, kwenda haja kila mara, wakati mwingine damu. Hata kipimo cha haraka cha mkojo kinaweza kuonyesha damu na chembe za usaha wakati hakuna bakteria yeyote.

Kwa hiyo huenda baadhi ya hizo "UTI sugu" hazikuwa UTI. Nyingine huenda zilikuwa UTI kweli, kwa sababu mionzi husimamisha mayai ya mwanamke, ukavu ukeni unaingia, ngozi inakuwa laini mno na bakteria wanapanda kirahisi. Huwezi kuzitofautisha kwa kuhisi, wala muuza dawa hawezi kwa kukutazama usoni.

Ninachokuomba, na hapa sikubembelezi: usimeze kidonge kingine cha UTI wala kuchomwa sindano yake kabla mkojo haujaoteshwa, yaani maabara wauweke waone kama bakteria wataota. Nenda hospitali yenye maabara kubwa, kama ya Rufaa ya Kanda hapo Mbeya, useme hivi: "Nilipigwa mionzi ya nyonga, naomba mkojo wangu uoteshwe." Osha kwa maji, acha mkojo wa kwanza utoke, kinga ule wa katikati kwenye kikopo. Majibu huchukua siku 2 au 3, na yakionyesha bakteria yataonyesha pia dawa inayomuua. Sipro ya kubahatisha inamfundisha bakteria kuizoea, halafu siku ukiihitaji kweli haitakusaidia. Bakteria wasipoota, omba rufaa kwa bingwa wa mfumo wa mkojo, achunguze kibofu. Na waulize kuhusu krimu ya homoni ya kupaka ukeni. Inapunguza UTI kwa wanawake ambao hedhi imekoma, ila daktari wa saratani aikubali kwanza. Sukari nayo ipimwe.

Nyumbani, kunywa maji. Najua baridi ya Juni na Julai huko kwenu, mtu anashinda na chai tu, na chai kali na kahawa huwasha kibofu kilichoumia. Chemsha maji, yanywe ya vuguvugu, kama lita 2 kwa siku, isipokuwa kama umewahi kuambiwa na daktari upunguze kwa ajili ya moyo au figo. Na ile safari ya basi kwenda kliniki Dar! Wengi hawanywi kitu tangu alfajiri kwa kuogopa kuomba kuchimba dawa. Mwambie kondakta kabla hamjaondoka kwamba wewe ni mgonjwa, utaomba kusimama. Kubana mkojo Mbeya hadi Morogoro ni kujitafutia ugonjwa.

Usijisafishe ndani kwa sabuni, wala kujifukiza, wala kuweka dawa za mtaani. Kuosha nje kwa maji kunatosha. Baada ya tendo la ndoa nenda ukakojoe, na kama panauma kwa ukavu, mwambie nesi wa kliniki bila aibu, yapo mafuta maalumu ya kulainisha.

Kuna mambo ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo: homa na kutetemeka, maumivu ya ubavuni, kutapika, mabonge ya damu kwenye mkojo, au mkojo kugoma kabisa. Hapo toa mkojo wa kipimo na uanze dawa za daktari palepale, usingoje majibu. Mkojo ukianza kuvuja wenyewe ukeni, hiyo huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, nayo ina matibabu, usijifungie ndani. Na damu yoyote, hata kidogo, waambie Ocean Road, kwa sababu lazima wahakikishe saratani haijarudi.

Ukipata majibu ya kuotesha, niandikie tena, uniambie wameona nini.